Uzio wa bwawa la nyumbani Marekani: kibali, vipimo na lile komeo la geti

Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anajua fensi ni ya nini. Ni ya mwizi. Ukuta wa tofali, vipande vya chupa juu, geti la chuma, na watoto wakishakuwa ndani ya ukuta huo mama anapumua. Fikra hiyo tunahama nayo hadi Houston, Columbus au Phoenix, na siku familia inapoamua kuchimba bwawa uani, inautazama uzio wa mbao uliozunguka kiwanja na kuona kazi ya usalama imeshafanyika.

Haijafanyika. Uzio wa bwawa haulindi kiwanja, unalinda maji. Anayezuiwa hatoki barabarani. Anatoka jikoni kwako, ana miaka miwili, na kila mtu nyumbani anaamini amelala. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuzama majini kunaua watoto wengi zaidi wa umri wa mwaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote nchini humo. Na kuzama kwa mtoto hakuna vishindo: mdomo ukiwa majini hakuna sauti ya kumwita mtu. CDC hiyohiyo inasema uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa na nyumba, hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa asilimia 83 ukilinganishwa na uzio wa mpaka wa kiwanja unaofunga pande tatu huku nyumba ikiwa upande wa nne. Tofauti yote iko kwenye ule mlango wa jikoni.

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayosema uzio wa bwawa la nyumbani uweje. Kila jimbo lina yake, kaunti ina yake, mji unaongeza yake. Hata hivyo miji mingi imechukua kanuni za mabwawa zinazoandikwa na International Code Council, baraza la kutunga kanuni za ujenzi, zijulikanazo kwa kifupi ISPSC, au kanuni za nyumba za kuishi za baraza hilohilo. Vipimo vingi vya makala hii vinatoka humo. Kwingine mambo ni makali zaidi. Arizona inataka urefu wa futi 5. California inataka inchi 60 kwa uzio unaolitenga bwawa, na tangu tarehe 1 Januari 2018 anayeomba kibali cha kujenga au kukarabati bwawa la nyumbani lazima aweke angalau vifaa viwili vya usalama kati ya saba vilivyoorodheshwa na sheria. New York inataka pia kengele ya ndani ya bwawa lenyewe. Kwa hiyo simu ya kwanza ipigwe idara ya ujenzi ya mji au kaunti, kabla ya mkandarasi, na swali ni moja: mnatumia kanuni zipi za mabwawa, toleo la mwaka gani, na mmeongeza nini?

Kuhusu kibali, kipimo cha kukumbuka ni kina cha inchi 24. Chombo chochote cha kuogelea chenye uwezo wa kushika maji ya kina kinachozidi hapo huhesabiwa na miji mingi kuwa bwawa, nacho kinadai uzio na mara nyingi kibali. Kanuni haiulizi kama kimechimbwa au kimewekwa juu ya nyasi, wala kama kilinunuliwa dukani kikiwa kwenye boksi. Yale mabwawa ya kupuliza au ya fremu yanayouzwa kila kiangazi yana ukuta wa inchi 30, 42 hata 48. Baba anarudi nalo Jumamosi asubuhi, saa tisa alasiri watoto wamo majini, na hakuna aliyejua kwamba kisheria amejenga. Mabwawa hayo yananitia hofu kuliko yale ya zege, kwa sababu la zege lina mkandarasi na mkaguzi, la boksi halina mtu.

Maombi ya kibali yenyewe si magumu. Idara itataka ramani ya kiwanja iliyochorwa kwa vipimo, ikionyesha nyumba, mipaka, bwawa, pampu na chujio, uzio na kila geti, pamoja na umbali kati ya ukingo wa bwawa na mpaka wa jirani. Kama nyumba ina tanki la maji taka, lionyeshwe pamoja na mabomba yake. Waya za umeme zinazopita juu zionyeshwe pia, maana kanuni za umeme za taifa zinataka hata waya wa kawaida wa kuingia nyumbani, wenye ganda, uwe futi 22 na nusu juu ya maji. Kisha kuna kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wakutane nacho: kile kipande cha kiwanja ambacho ni chako kwa hati lakini kampuni ya umeme, maji au mji una haki ya kupita na kuchimba. Ukijenga juu yake, siku wakihitaji bomba lao watavunja, na gharama ni yako. Kipande hicho kimo kwenye ramani ya upimaji uliyopewa wakati wa kununua nyumba. Itafute kabla ya kuchora chochote.

Kama mtaa una chama cha wenye nyumba, barua ya chama ni kitu kimoja na kibali cha mji ni kingine. Ukiwa na moja huna nyingine.

Kabla koleo halijagusa ardhi, piga 811, namba ya simu ya kuomba waya na mabomba yaliyozikwa yaonyeshwe. Huduma ni bure. Siku chache za kazi baadaye watakuja watu kupaka rangi chini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, rangi ya chungwa ni simu na intaneti. Kosa linalojirudia ni kudhani wameonyesha kila kitu. Wanaonyesha waya na mabomba ya mashirika, kwa kawaida hadi kwenye mita tu. Bomba la gesi ulilovuta mwenyewe kutoka mita hadi jiko la kuchomea nyama uani, waya wa taa za bustani, mabomba ya kumwagilia nyasi, hayo si yao. Kuna mafundi wa kulipwa wanaoyatafuta kwa chombo, na bei yao ni ndogo mbele ya bomba la gesi lililokatwa na meno ya mashine.

Kuna mkandarasi atakayekuambia kibali kinachelewesha, tuanze tu. Mkatalie. Sababu kubwa haihusu faini. Sehemu muhimu za bwawa hufunikwa na zege ndani ya siku chache, na mkaguzi ndiye jicho pekee lisilolipwa na mkandarasi linaloziona kabla hazijafunikwa. Anakuja nondo zikiwa wazi, anatazama mabomba yakiwa yamejazwa shinikizo, anatazama waya wa shaba unaounganisha vyuma vyote, anarudi kwa uzio, anarudi mwisho. Zege likimwagwa kabla hajaona, ana haki ya kutaka livunjwe. Na ukiambiwa uchukue kibali kwa jina lako wewe mwenye nyumba wakati kazi inafanywa na yeye, elewa unachosaini: umekuwa mjenzi, na kila kosa lake limehamia kwako.

Huo waya wa shaba unastahili aya yake, maana ndio unaoachwa na mafundi wa bei rahisi. Ni shaba ya uzi mmoja mnene, namba 8 kwa vipimo vya Marekani, isiyo nyembamba kuliko hapo. Unaunganisha nondo za bwawa katika sehemu nne, ngazi ya chuma, mwili wa pampu, taa, na sakafu inayozunguka bwawa hadi futi 3 kutoka ukingoni. Kazi yake ni kufanya vyuma vyote, sakafu na maji viwe na nguvu moja ya umeme, ili mtu mwenye mguu sakafuni na mkono majini asiwe daraja kati ya viwili visivyo sawa. Kuchomeka waya wa ardhini kwenye pampu hakutoshi, hiyo ni kazi nyingine. Soketi za ukutani zisikae karibu ya futi 6 na maji, na ziwe za aina inayokata umeme zenyewe ukivuja.

Sasa uzio.

Urefu ni inchi 48 kwa uchache, yaani sentimita 122, na hupimwa kutoka upande wa nje, upande usio na bwawa. Hapo ndipo watu huangukia. Uzio wa inchi 48 ukipimwa kutoka ndani unaweza kuwa inchi 40 kutoka nje kama ardhi ya nje imepanda, au kama mtu amejaza udongo wa maua chini yake. ISPSC inataka urefu huo uwepo kwenye mzunguko wote na uendelee hadi futi 3 nje ya uzio, kwa hiyo tuta lililo hatua moja kutoka hapo nalo linahesabiwa. Nafasi ya chini haizidi inchi 2 kama chini ni nyasi au kokoto, kwa sababu mtoto anaweza kuchimba na mvua inaweza kula udongo. Kama chini ni zege, inaruhusiwa hadi inchi 4. Hakuna tundu popote linalopitisha mpira wa kipenyo cha inchi 4. Wakaguzi wengine huja na mpira huo mfukoni, na hakuna anayekuzuia kutengeneza wako kwa kipande cha bomba.

Kisha vile vyuma au mbao za kulala. Mbao mbili za kulala zilizokaribiana ni ngazi. Kanuni inapima kutoka juu ya moja hadi juu ya nyingine: zikiwa zimeachana inchi 45 au zaidi, mtoto hafiki ya juu, na nafasi kati ya fito za kusimama inaweza kufika inchi 4. Zikiwa chini ya inchi 45, lazima zikae upande wa bwawa, na nafasi kati ya fito isizidi inchi 1 na robo tatu, ili hata kidole gumba cha mguu kisipate pa kukanyaga. Ukimwambia fundi aweke ubao wa tatu katikati uzio uwe imara, umeshaharibu hesabu. Sengenge ya matundu ya almasi nayo ina mpaka huohuo wa inchi 1 na robo tatu, na ile ya kawaida iliyozoeleka mitaani ina matundu makubwa kuliko hapo. Hupandika kama mnazi wenye vipandio.

Uzio wenyewe usikaribie maji chini ya inchi 20, mtu aliyeanguka apate pa kujivutia na mwokoaji apate pa kupiga magoti. Nje yake acha inchi 36 tupu: pampu, chujio, mashine ya kiyoyozi, boksi la vifaa, chochote kinachoweza kukanyagwa kikae mbali zaidi ya hapo. Kanuni inataja vitu vya kudumu. Mtoto hachagui, anakokota kiti cha plastiki. Basi viti vya uani vipate makao yake ndani ya uzio au ndani ya stoo.

Geti ndilo linalokufa kwanza. Fito za uzio zitadumu miaka ishirini, lakini geti hupoteza umbo lake ndani ya misimu miwili kama halikutengenezwa kwa makini. Lifunguke kuelekea nje, mbali na bwawa. Maana yake ni kwamba mtoto akilisukuma wakati komeo halijashika vizuri, anazidi kulifunga. Lijifunge lenyewe na lijikomee lenyewe kutoka mahali popote: likiwa wazi kabisa, likiwa nusu, na likiwa limeachwa upana wa kidole. Hilo la upana wa kidole ndilo gumu, kwa sababu geti halina mwendo wa kuligongesha komeo, na mageti mengi huanguka mtihani hapo. Likishindwa, ongeza nguvu ya springi ya bawaba hatua mojamoja. Likianza kugonga kwa kishindo na bado halishiki, tatizo halimo kwenye springi, liko kwenye nguzo.

Nguzo mbili za geti zichimbiwe ndani zaidi na zipate zege zaidi kuliko nyingine, na pale penye baridi kali zishuke chini ya kina ambacho ardhi huganda, vinginevyo barafu itazisukuma juu kila mwaka. Zege likae siku kadhaa kabla geti halijaning'inizwa. Upana wa inchi 36 unatosha kwa mtu na toroli. Kila inchi unayoongeza inaongeza uzito unaovuta bawaba. Kama geti ni la mbao, ubao wa mshazari uanzie kona ya chini upande wa bawaba na kupanda hadi kona ya juu upande wa komeo. Ukiwekwa kinyume haubebi chochote, na kona ya komeo itaning'inia mpaka ulimi upite chini ya pahali pake.

Komeo lifunguliwe kutoka urefu usiopungua inchi 54, sentimita 137 kutoka chini. Kama liko chini ya hapo, liwekwe upande wa bwawa, inchi 3 au zaidi chini ya ukingo wa juu wa geti, na ndani ya inchi 18 kuzunguka komeo hilo pasiwe na tundu lenye upana unaozidi nusu inchi, ili mkono mdogo usipenye. Makomeo marefu ya sumaku yanayovutwa juu yanagharimu zaidi, na nadhani hiyo ndiyo fedha bora kuliko zote utakazotumia kwenye bwawa, kuliko hata taa za rangi. Yanavumilia geti lililohama kidogo.

Kama ukuta wa nyumba ni sehemu ya uzio, kanuni inauchukulia kila mlango unaotoka kuelekea majini kuwa geti. Mlango huo upate kengele inayokidhi kiwango cha UL 2017 (2017 ni namba ya kiwango, si mwaka), inayosikika nyumba nzima, na kitufe cha kuinyamazisha kiwe inchi 54 juu ya sakafu. Madirisha ya chini yanayofunguka nayo yanahesabiwa. Kijimlango cha mbwa ni tundu la mtoto, kiondoe. Udhaifu wa kengele unajulikana: inalia kila mtu anapotoka kuanika nguo, wiki ya tatu mtu anatoa betri, na hakuna anayezirudisha. Ndiyo maana pale kiwanja kinaporuhusu, uzio wa pande nne una faida ambayo kengele haiwezi kuwa nayo. Haumchoshi mtu mpaka auzime.

Wapo wanaochagua mfuniko wa mota badala ya kengele, na miji mingi inaukubali ukikidhi ASTM F1346, kiwango cha mifuniko ya usalama ya mabwawa. Kwa bwawa lenye upana unaozidi futi 8, mfuniko huo lazima ubebe pauni 485, uzito wa watu wazima wawili na mtoto mmoja. Usiuchanganye na lile turubai la mapovu linaloelea kupasha maji joto. Hilo ni hatari kuliko maji wazi. Mtoto akilikanyaga linazama naye kisha linarudi juu yake, na anayetazama kutoka dirishani anaona uso wa buluu uliotulia.

Kwa bwawa la juu ya ardhi, ukuta wake wenyewe unaweza kukubaliwa kuwa uzio ukifika inchi 48 na usiwe na pa kukanyaga. Ngazi ifungwe kwa kufuli au iondolewe kila wanapotoka. Mkosaji hapa ni pampu: inakuja na bomba fupi, inawekwa palepale ukutani, na inakuwa kipandio kizuri cha inchi 15. Bwawa la kupuliza lenye mdomo laini mara nyingi halikubaliwi kabisa, kwa kuwa mtoto akiliegemea linabonyea na kummwaga ndani. Hilo linadai uzio kamili; la sivyo, chukua lile bwawa dogo la kina cha kifundo cha mguu, linalomwagwa jioni na kugeuzwa kifudifudi.

Mashimo ya kunyonya maji sakafuni yawe mawili au zaidi kwa kila pampu, yameachana futi 3, ili mwili ukiziba moja, jingine liendelee kunyonya. Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu: Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alinaswa na shimo la kunyonya maji mwaka 2002 akafa, na sheria ya mwaka 2007 yenye jina lake inataka kila mfuniko wa shimo unaouzwa nchini ukidhi kiwango. Mifuniko hiyo ina miaka ya kuishi iliyoandikwa juu yake. Andika tarehe ya kuifunga mahali utakapoiona, na skrubu moja ikikosekana usiruhusu mtu kuingia.

Hatari haisubiri maji safi. Shimo lililochimbwa hujaa mvua ya usiku mmoja. New York inataka uzio wa muda wa inchi 48 tangu kazi inapoanza, na wa kudumu uchukue nafasi yake ndani ya siku 90. Hata pale mji usipodai, kodi vipande vya uzio wa chuma vya wajenzi, vifungwe kwa vibano vyake, na andika kwenye mkataba nani anavirudisha mafundi wanapoondoka saa kumi na moja. Andika pia kwamba uzio wa kudumu unakaguliwa kabla maji hayajawekwa. Mkandarasi aliyeshalipwa fungu la mwisho hana haraka ya geti.

Baada ya hapo kinachobaki ni ratiba. Mwanzoni mwa kila mwezi wa msimu, fungua geti upana wa kidole uachie, kisha nusu, kisha lote, mara tatu kila moja. Zunguka uzio ukiwa na kipimo cha inchi 4, ukitazama hasa palipomomonyoka chini. Ondoa vyungu vya maua vilivyosogea. Siku ya harusi au maulidi, sahani zikipita na mtu akilizuia geti kwa jiwe ili mikono iwe huru, mpe mtu mzima mmoja, kwa jina, nusu saa ya kukaa palepale bila simu, kisha mwingine ampokee. Na bawaba ya springi ikichoka, badilisha zote mbili siku moja: mpya ikivuta pamoja na kuukuu, geti hupinda kuelekea komeo na ulimi unaanza kukosa pahali pake.